Kutembea na Mama Mkwe Mlimani

Mama mkwe wangu alipohamia kwetu Dar es Salaam alikuwa na miaka 74. Alikuja na magoti mabovu, kisukari kilichogunduliwa ukubwani, na fimbo ya mpera aliyochongewa na marehemu mumewe. Kwao Upare alikuwa akiamka alfajiri, anateremka shambani, kisha anapanda tena akiwa na mzigo wa kuni kichwani. Hapa kwetu tulimpa kiti cha plastiki, tukakiweka barazani karibu na geti. Tulidhani tumempumzisha.

Mpendwa msomaji, mimi ni muuguzi kwa kazi, na kanisani nimo katika kikundi cha akina mama wanaotembelea wazee majumbani. Lau ningeingia nyumba ya mtu mwingine nikamkuta mzee ameketi kitini tangu chai ya asubuhi hadi taarifa ya habari ya usiku, ningewasema wenye nyumba siku hiyo hiyo. Nyumbani kwangu sikuona. Karibu mwaka mzima ulipita, mpaka jioni moja nilipomvua viatu nikaona miguu imevimba kwenye vifundo na ngozi inang'aa.

"Mama, mbona hutembei?" nikamwuliza.

"Nitembee wapi, mwanangu? Nje ya geti ni bodaboda."

Alisema kweli. Mtaa wetu hauna njia ya waenda kwa miguu. Kuna mchanga, kuna mtaro ulio wazi, na kuna vijana wa pikipiki wanaopita mbio kulia na kushoto. Mwaka uliotangulia alikuwa ameteleza pale mtaroni, na ingawa hakuvunjika, hofu ilibaki. Jambo hili sisi wauguzi tunaliona sana. Mzee akianguka mara moja huanza kuogopa, akiogopa hukaa, akikaa misuli ya mapaja hulegea, na kulegea huko ndiko humwangusha mara ya pili. Watu husema ni uzee. Mara nyingi ni kiti.

Nikakumbuka Mlimani. Wakazi wa Dar es Salaam wanajua ninaposema Mlimani ninamaanisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilicho juu ya kilima kiasi cha kilometa 13 magharibi ya katikati ya jiji. Chuo kilianza mwaka 1961 mjini kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, kikahamia juu kule mwaka 1964, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Eneo lake ni ekari 1,625. Wakati mji umejengwa kuzunguka pande zote, ndani ya chuo miti imebaki: miembe, mikwaju, mijohoro, mikrismasi, na vichaka vizito kwenye mabonde. Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi tulikuwa tukienda kumtembelea dada wa rafiki yangu aliyesoma pale, na ninachokumbuka zaidi ya masomo yao ni ule upepo wa kule juu.

Basi Januari 2025, siku ya Jumamosi, nikampeleka mama. Hapa ndipo nina la kuungama.

Nilifanya karibu kila kosa ambalo huwa nawakataza wenzangu. Tulitoka nyumbani tumechelewa, tukafika saa nne asubuhi, na Januari ya Dar es Salaam mnaijua. Alivaa kandambili kwa sababu raba nilizomnunulia alisema ni za watoto. Kubwa zaidi, nilishuka naye chini ili tupande kilima kwa miguu, nikiwaza kwamba mwanamke wa Upare hatashindwa na kilima cha mjini. Yeye mwenyewe alikitazama akacheka. "Huu ndio mlima mnaousifia? Kwetu hiki tungekiita kichuguu." Nikafurahi, nikashika mwendo wangu wa wodini.

Hatukufika nusu. Nilisikia fimbo imenyamaza nyuma yangu. Nilipogeuka alikuwa ameinama, anatweta, mkono umeshika goti. Alikaa pale pale kwenye ukingo wa barabara, kanga imeburuzwa vumbini. Wanafunzi wakasimama, vijana wenye adabu kweli kweli: "Shikamoo bibi. Bibi, tukusaidie? Bibi, maji haya hapa." Mmoja akampepea na daftari. Mama akawaitikia "marahaba" kila mmoja, lakini uso ulikuwa umefungwa. Tulirudi kwa bajaji bila kusemezana.

Jioni aliniambia neno moja tu: "Usinipeleke tena kuonwa na watu."

Wiki tatu zikapita. Nilijaribu kwa lugha ya kihospitali. Nikamweleza kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima, pamoja na wenye miaka 65 na zaidi, wapate dakika 150 au zaidi za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kwamba tangu mwongozo wa mwaka 2020 hata vipande vifupi vifupi vinahesabiwa. Nikamweleza habari ya sukari. Alisikiliza kwa heshima, akaendelea kuchambua mchele.

Aliyefungua mlango ni mjukuu wake wa darasa la sita, na sababu ilikuwa fedha. Mtakumbuka kwamba Benki Kuu ilitangaza kuondoa noti za zamani, ikiwemo ile ya karatasi ya shilingi 500 ya mwaka 2010, na ikatoa muda wa kubadilisha kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Mama akafungua ncha ya kanga yake ya akiba, akatoa noti mbili za 500 ambazo alizisahau humo miaka mingi, akampa mjukuu anipe nizipeleke benki. Mtoto akazigeuza. Upande mmoja ni Mzee Karume. Upande wa pili kuna jengo lenye paa la ajabu.

"Bibi, hili jengo lipo. Ni Nkrumah Hall, liko Chuo Kikuu. Mwalimu alituambia."

Mama akaichukua noti, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Ana mtoto wa jicho upande wa kushoto. "Lipo kweli? Nimelifunga kwenye kanga miaka yote hii na sijaliona?" Kisha akanigeukia: "Na huko kufika lazima mtu apande ule mlima wako?"

Hapana, mama. Gari linapanda.

Sijui kwa nini sikulifikiri mwanzo. Ukimpeleka mzee Mlimani, mlima uache ubebwe na gari. Daladala zinafika hadi juu. Teremkeni karibu na jengo la Utawala, na hapo kazi ngumu imekwisha kufanyika. Majengo ya zamani ya chuo yamekaa huku juu, na kati ya Utawala, Ukumbi wa Nkrumah na maktaba ya zamani mtu anaweza kutembea kwa njia zilizosakafiwa, chini ya miti mikubwa, bila kukutana na mwinuko wa kumtoa pumzi. Ngazi zipo sehemu mbalimbali, ndiyo, lakini ukiwa na subira ya kuzunguka kidogo utapata barabara au njia ya mteremko mdogo. Mimi kabla ya kumrudisha mama nilikwenda peke yangu siku moja nikaipita njia yote nikihesabu vitu viwili: ngazi na mahali pa kukaa.

Na mahali pa kukaa ndipo Mlimani panaposhinda kila bustani ninayoijua jijini. Chini ya miti kuna meza za zege zenye viti vyake vya zege, ambazo wanafunzi huzitumia kujisomea. Huziita vimbweta. Mama alipolisikia neno hilo alicheka mpaka akakohoa, maana kwake bweta ni kisanduku cha kuwekea vitu vya thamani. "Basi twende kwenye bweta lililofuata," ndivyo alivyokuwa akisema, na ndivyo tulivyotembea: kutoka kimbweta hadi kimbweta. Hakuna aliyemshangaa, kwa sababu kila mtu pale ameketi. Mzee anayekaa ukingoni mwa barabara huonekana amezidiwa. Akikaa kwenye kimbweta, anapumzika kama wengine.

Siku hiyo ya pili tulifika saa moja kasoro asubuhi, jua bado dogo. Amevaa raba. Tulipotokea mbele ya Nkrumah alisimama, akatoa ile noti, akailinganisha na jengo. Paa lile la zege limekunjwa kunjwa kama karatasi, na kwenye noti lilionekana dogo. Ukilisimamia mbele linakuvuta macho juu. Mama akasema noti haikulitendea haki. Kisha akataka kulizunguka. Nilitazama saa yangu kimya kimya. Tangu tuteremke garini, pamoja na kupumzika, ilikuwa imepita dakika 35, na miguu yake ilikuwa imetembea dakika 20 kati ya hizo. Tangu aje Dar es Salaam hakuwahi kutembea kiasi hicho.

Noti moja tuliibadilisha benki. Ya pili alikataa kuitoa.

Tangu hapo tumekwenda Jumamosi nyingi, na akina mama wengine wanne wa kanisani kwetu wamejiunga, pamoja na mzee mmoja anayesema amekuja kutulinda. Tumejifunza njia zetu. Ile ya juu ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza. Siku nyingine huwa tunakwenda maktaba mpya, ile iliyofunguliwa Novemba 2018 na inayochukua wasomaji zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja. Kule nje kumesakafiwa vizuri, fimbo haikwami, lakini miti bado ni michache kuliko upande wa zamani, kwa hiyo jua likishapanda ondokeni. Viwanja vya michezo vina ardhi laini inayopendeza magoti, ila majani huficha mashimo. Mwenye macho hafifu asiende huko bila kushikwa mkono. Barabara za nyumba za wafanyakazi ni tulivu na zina kivuli kizuri sana, lakini baadhi zinateremka, na mzee akishateremka ni lazima apande kurudi. Hizo tunaziacha kwa waliokwisha zoea.

Vijia vya udongo vinavyoingia vichakani tunaviacha kabisa. Vinavutia, na vijana huvipita kwenda vitongoji vya jirani, lakini vina mizizi, majani yaliyolowa, nyoka wakati mwingine, na hakuna wa kusikia mkiita. Wakati wa masika hata njia zilizosakafiwa huota ukungu wa kijani unaoteleza kama sabuni. Mvua ikiwa imenyesha usiku, tunabaki nyumbani na kufanya zoezi la kusimama na kuketi kitini mara kumi bila kujisukuma kwa mikono, ambalo wazee hulicheka mpaka walijaribu.

Kuna tumbili pia. Wazuri kuwatazama, wezi wasio na aibu. Mzee wetu yule mlinzi alinyang'anywa ndizi yake mchana kweupe akiwa ameishika mkononi, na hadi leo hatujaacha kumkumbusha. Msiwape chakula, na mkoba ufungwe.

Kitu ambacho sikukitarajia ni miti. Mama hajui kusoma vizuri, na mwanzoni chuo kilimtia woga. Alikuwa akinong'ona kama yuko kanisani. Siku moja tumekaa kwenye kimbweta chini ya mkwaju, wasichana wawili wakaja kuketi upande wa pili na vitabu vyao. Mama akawauliza, "Mnaujua mti huu?" Hawakuujua. Wakaujua tu alipowaonyesha ganda lililodondoka, maana ukwaju wanaunywa juisi kila siku. Akawaonyesha mjohoro, kuni zake na kivuli chake. Mwarobaini, ambao walikuwa wakidhani ni jina la dawa tu. Na mkrismasi, ambao walijua maua yake mekundu ya Desemba lakini hawakujua jina. Mmoja akaandika kwenye daftari. Niliona mgongo wa mama ukinyooka. Kutoka siku hiyo ananong'ona mimi nikinong'ona tu.

Sasa niseme machache ya kiuguzi, maana wasomaji wengine watataka kumpeleka mzazi wiki hii hii. Mzee mwenye shinikizo la damu, moyo au kisukari aulize kwanza kliniki anakohudhuria. Asiache dawa kwa ajili ya safari. Nimegundua kwamba wengi huacha kidonge kile kinachoongeza mkojo, na tena hawanywi maji, kwa kuogopa kuhangaika kutafuta choo. Suluhisho ni kujua choo kiko wapi kabla ya kutoka. Chuoni kuna majengo mengi, ulizeni mapema kwa adabu mtaelekezwa. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari ale kwanza, na mfukoni mwake pawe na pipi au sukari. Atazame ndani ya kiatu kabla ya kuvaa, na nyayo zitazamwe mkirudi, kwa sababu mwenye kisukari anaweza kutembea na kokoto kiatuni asihisi.

Fimbo ina elimu yake. Ishikwe mkono ulio kinyume na goti bovu, na urefu wake uishie kwenye kifundo cha mkono, mkono ukiwa umening'inia. Ya mama ilikuwa ndefu mno. Sikuthubutu kuikata fimbo ya marehemu; niliongea na mume wangu, naye akaongea na mama yake, ikachukua siku nne. Hatimaye ikakatwa kidogo kidogo, na kile kipande amekihifadhi.

Kuhusu mwendo, kipimo ni mazungumzo. Mzee akiweza kuzungumza wakati anatembea, mwendo unamfaa. Akianza kujibu neno moja moja, kaeni. Akisikia kifua kubana, kizunguzungu, au ulimi kuwa mzito, matembezi yameisha na mnakwenda hospitali, si nyumbani kulala kidogo aone.

Na wewe unayemsindikiza, tembea ubavuni au nusu hatua nyuma, usitangulie. Hili ndilo lililonigharimu. Nikitangulia, mama hunifuata mimi kwa heshima, anajikaza, hasemi amechoka. Akitangulia yeye, husimama anapotaka, eti anatazama kunguru.

Miguu haikupona kama kwenye hadithi. Magoti yanauma bado, hasa siku za baridi ya Julai, na sukari hupanda akila ndizi zilizoiva anazoletewa na majirani. Lakini vifundo vimepungua kuvimba, usiku analala, na kile kiti cha plastiki mjukuu sasa anakitumia kufanyia kazi za shule. Dakika zake za kutembea sikuhizi ni kama 40, kwa vituo vitano. Nilimwandikia kwenye kalenda ya jikoni kila Jumamosi, mpaka akasema niache kumhesabu kama mgonjwa.

Juzi tukiwa kwenye kimbweta chetu alikaa kimya kidogo, halafu akauliza kama ile barabara ya siku ya kwanza tungeweza kuishuka badala ya kuipanda. Alitaka kuipita, alisema, walau mara moja. Nilimweleza kwamba kushuka ndiko kunakoumiza magoti zaidi ya kupanda, kwa kuwa goti hubeba uzito wote likiwa limekunjwa. Akafikiri.

"Basi tutaipita kwa gari," akasema, "lakini nikae dirishani."